Gari Dogo la Nyumbani: Kulitunza, Kulistaafisha, Kuagana Nalo

Familia ikikaa na gari dogo miaka kumi na zaidi, jina la kiwandani husahaulika. Hapa Igurwa, wilayani Karagwe, husikii mtu akisema "chukua ile Vitz" au "chukua ile Starlet". Utasikia "chukua gari", kana kwamba duniani liko moja tu. Limeshusha mikungu ya ndizi Omurushaka, limekimbiza mama mwenye uchungu hospitali ya Nyakahanga usiku wa mvua, limewarudisha watoto likizo wakiwa wamebanana na matranka yao, limetangulia msafara wa harusi likiwa na riboni kwenye boneti. Kama lilinunuliwa kabla ya mwaka 2012, lilianza kazi Karagwe na Kyerwa zikiwa bado wilaya moja. Limekula vumbi la Kyaka hadi Bugene, kilomita zipatazo 59, kabla hazijawekwa lami.

Kisha linachoka. Watu wa nje wanakupa ushauri mmoja: uza. Ndani ya nyumba hakuna anayetaka kulisikia neno hilo, na mara nyingi hakuna anayeeleza kwa nini. Mwongozo huu ni wa familia iliyofika hapo.

Shauri langu kubwa ni moja, na mengine yote yanatoka humo. Gari la namna hii ni vitu viwili katika bodi moja: chombo cha usafiri, na kumbukumbu ya familia. Chombo kina mwisho wake, na fundi mwenye macho anauona. Kumbukumbu haihitaji breki. Familia huumia zinapochanganya hivi viwili: wengine wanaendelea kupanda chombo kilichokwisha kwa sababu ya kumbukumbu, wengine wanatupa kumbukumbu kwa sababu chombo kimekwisha.

Usione haya kulipenda

Atakayekuambia kwamba kupenda gari ni utoto hajaijua Karagwe. Hapa watu wamependa mali zao kwa majina tangu zamani. Ng'ombe wa Ankole hupewa jina kwa rangi yake na pembe zake. Bihogo ni yule mwenye wekundu uliokolea, na mwenye naye humtambua kati ya kundi zima. Ikulu ya Bweranyange, enzi za mfalme Rumanyika aliyewapokea wapelelezi Speke na Grant mwaka 1861, ilitunza vitu vya chuma vilivyofuliwa kwa ustadi mkubwa, wakiwemo ng'ombe wadogo wa chuma. Chuma kutunzwa kwa heshima si jambo geni katika nchi hii. Hata taifa limefanya hivyo: Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yamehifadhi magari ya Mwalimu Nyerere, likiwemo Austin dogo la enzi za kudai Uhuru. Mwaka 1988 mtafiti wa Marekani, Russell Belk, aliandika kwamba mali tunazoishi nazo huingia katika nafsi zetu hadi kuzipoteza kukawa sawa na kupoteza sehemu ya sisi wenyewe. Wafugaji wa huku wangemwambia kwamba hilo wanalijua.

Kwa hiyo usianze kwa kubishana kama mnalipenda gari au hamlipendi. Anza kwa kuuliza mnapenda nini ndani yake.

Fanyeni hivi. Siku ambayo wengi mpo nyumbani, Krismasi au Idi au baada ya mavuno ya kahawa, kaeni na daftari. Kila mmoja aliyewahi kubebwa aseme safari moja anayoikumbuka. Aanze bibi, amalize mtoto mdogo kuliko wote. Aliyeko Mwanza au Dar es Salaam apigiwe simu. Msibishane wala kusahihishana. Aandike mmoja mwenye mwandiko mzuri. Majibu yatakuonyesha jambo ambalo ugomvi wa "tuuze, tusiuze" haukuonyeshi. Mmoja anapenda gari kwa sababu ndimo alimofundishwa kuendesha. Mwingine anakumbuka fedha zilikotoka: msimu mmoja wa kahawa, mkopo wa chama, ng'ombe wawili walioondoka zizini. Na mara nyingi, ukisikiliza vizuri, hadithi zote zinamhusu mtu mmoja aliyekuwa kwenye usukani.

Ikiwa ni hivyo, kinachotakiwa kuokolewa kwanza ni sauti ya mtu huyo kama bado yupo, au sauti za waliomjua kama hayupo. Washa simu, rekodi. Mwulize mzee gari lilitokaje bandarini Dar es Salaam na nani aliliendesha kulivuka taifa zima hadi Karagwe, walilala wapi, tairi lilipasukia wapi, bibi alisema nini lilipoingia uani kwa mara ya kwanza. Fanya haya mwaka huu, usingoje gari liharibike. Gari bovu linaweza kukaa uani likakusubiri. Mzee hana ahadi hiyo.

Piga pia picha ambazo hakuna anayezifikiria: kilomita kwenye dashibodi, kibonyeo cha mlango wa nyuma ambacho kila mtu anajua nani alikisababisha, kitambaa cha siti kilichochanika, stika za zamani za leseni ya barabara ambazo hazijatolewa tangu ada ile ilipofutwa mwaka 2017. Usisahau kibao cha namba. Nchini mwetu herufi za namba ni kalenda; mtu akisema "namba A" au "namba C" anakutajia umri wa gari, na kwa familia anataja pia mtoto gani alikuwa darasa la ngapi.

Likibaki barabarani, lipe haki yake

Mkiamua liendelee kufanya kazi, basi mapenzi yaonekane gereji. Njia zetu ni za vilima na udongo mwekundu, na gari dogo la Kijapani lilitengenezwa kwa lami ya mjini. Linaweza kuishi hapa miaka mingi, ila linadai mambo kadhaa.

Ijue injini yako. Starlet za miaka ya tisini zenye injini ya 4E zina mkanda wa taimingi wa mpira, na mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000 au mapema zaidi usipojua historia yake. Ukikatika, injini inazima hapo hapo, hata kama ni katikati ya mlima usiku. Vitz, iliyotoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 1999, inatumia cheni. Cheni haibadilishwi mara kwa mara, lakini inategemea oili safi. Ukichelewesha oili utaisikia ikilia asubuhi unapowasha. Badilisha oili kila kilomita 5,000 na uandike tarehe na kilomita kwenye daftari. Usitegemee kumbukumbu ya fundi, ana magari mengi.

Vumbi la kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, huziba chujio la hewa haraka kuliko kitabu cha gari kinavyosema. Lifungue kila mwezi, likung'ute, na likiwa jeusi nunua jipya. La karatasi halifuliwi kwa maji. Mvua zikianza, shida inahamia chini: tope linashika kwenye bodi, linakaa na unyevu, na kutu inakula kimyakimya sehemu usizoziona. Osha uvungu wa gari baada ya kila safari ya tope. Wengi tunaosha juu, tunang'arisha vioo, na kuiacha kutu kazini.

Kuhusu kuchemsha: kuna tabia ya kung'oa themostati gari likianza kupanda joto, na gari linaonekana limepona. Halijapona. Sasa injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakula mafuta, na tatizo lenyewe, ambalo huwa ni rejeta iliyoziba, wota pampu au feni, limefichwa tu. Mwambie fundi airudishe na atafute chanzo. Na usijaze maji ya kisima mwaka mzima, weka kulanti. Gasketi ya silinda hedi ikiungua, gharama yake peke yake imeua mapenzi ya familia nyingi kwa magari yao.

Watu wa njia mbaya hupenda kuinua gari kwa spesa ili lisiguse chini. Kidogo inasaidia. Ukizidisha, ekseli zinakaa kwa pembe zisizotakiwa, joint zinaanza kugonga kila unapokata kona, na gari linakuwa jepesi kupinduka. Bushi, bolijointi na shokapu ziangaliwe kila mwisho wa mvua.

Sasa breki na matairi, na hapa naomba usiruke mstari. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. Yabadilishwe kila miaka miwili hata kama hayajapungua. Pedi za mtumba usinunue kabisa. Spea nyingine za mtumba kutoka Japani zinaweza kuwa bora kuliko feki mpya, lakini breki haina mjadala huo. Tairi lina namba nne ubavuni zinazosema lilitengenezwa lini: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi lenye kashata nzuri lakini lenye umri wa miaka kumi ni hatari kuliko linavyoonekana, kwa sababu mpira umekauka ndani.

Kwenye mteremko, hasa ukishuka kuelekea bonde la mto Kagera, weka gia ndogo ili injini ilizuie gari. Kama ni otomatiki, shusha kwenye 2 au L. Anayekanyaga breki mlima mzima huzipasha moto, na mwisho wa mteremko anakanyaga asipate kitu. Mfundishe hivyo kila kijana wa nyumbani kabla hujampa ufunguo.

Na mzigo. Mikungu kumi ya kilo 30 kila mmoja ni kilo 300, sawa na watu wazima wanne au watano. Kwa hiyo ndizi zikijaa buti na siti za nyuma, gari limejaa. Ukiongeza shemeji, watoto wawili na gunia la maharage, unalipiga gari unalosema unalipenda.

Wakati wa kusema basi

Familia nyingi zinauliza swali la fedha: matengenezo yamezidi bei ya gari, tufanyeje? Kwa maoni yangu swali hilo si la kwanza. Mtu ana haki ya kutumia fedha zake kwa kitu anachokipenda, ilimradi karo imelipwa na shamba limepaliliwa. Panga kiasi cha mwaka, kiandike, usikivuke. Swali la kwanza ni usalama wa abiria, na hapo mapenzi hayana kura.

Kuna dalili ambazo zikionekana gari linatoka barabarani siku hiyo. Jeki inazama kwenye bodi badala ya kuinua, maana yake kutu imefika kwenye mifupa. Mkanda wa siti haushiki ukivutwa kwa ghafla. Gari linavuta upande mmoja ukikanyaga breki na mafundi wawili tofauti wameshindwa. Usukani una uchezaji unaorudi kila baada ya kurekebishwa. Ukisikia mtu anasema "tulipeleke taratibu tu, litafika", ujue nyumba nzima imekwisha kujua ukweli.

Kulistaafisha ni njia ya heshima, lakini ina masharti. Usiliache kwenye udongo chini ya migomba. Kivuli kile ni cha unyevu na litaoza kabla ya miaka mitatu. Tafuta paa, liweke juu ya matofali imara, ondoa betri, toa petroli yote tangini. Panya wanapenda nyaya na sponji za siti, kwa hiyo usihifadhi mahindi humo. Zaidi ya yote, fikiria watoto. Gari lililosimama linawavutia kucheza, na mtoto akijifungia ndani au kwenye buti juani anaweza kufa kwa joto kabla hajatafutwa. Funga milango yote na ufunguo ukae juu, au fundi ang'oe vitasa vya kufungia kabisa.

Pia wekeni muda. "Litakaa hapa hadi mwaka fulani, kisha tutaamua tena." Bila hivyo linageuka banda la kuku, na mzee aliyelinunua kwa jasho anapita mbele yake kila asubuhi.

Mwenye gari akifariki

Hapa ndipo gari dogo linapoweza kugawa ukoo. Kadi ina jina la marehemu, ufunguo uko mfukoni mwa aliyekuwa karibu, na kila mtoto anaamini kwamba baba alimwahidi yeye.

Siku za msiba, mkabidhini ufunguo mtu mmoja ambaye si mrithi, mjomba au jirani anayeaminika, na gari litumike kwa shughuli za msiba tu. Msijadili umiliki hadi matanga yaanuliwe. Kisha ukoo ukae kikao, uandike muhtasari wenye sahihi, umpendekeze msimamizi wa mirathi, naye aende Mahakama ya Mwanzo kuthibitishwa. Kabla ya hapo hakuna mwenye mamlaka ya kuliuza gari, hata mtoto wa kwanza, hata aliyelipia matengenezo. Aliyelipia aandike madai yake na risiti, yasikilizwe kwenye kikao.

Mjane aulizwe kabla ya wote. Wanaume wa ukoo huwa wepesi kukadiria bei mbele yake, kana kwamba aliyekaa kiti cha kushoto miaka yote hiyo alikuwa abiria wa kulipa nauli. Akisema lisiuzwe mwaka huu, msikilizeni. Mwaka mmoja hautaliharibu gari lililowekwa vizuri, na uamuzi uliotolewa kwa machozi ya wiki ya kwanza huwa haudumu.

Mkiuza

Bei asiitaje mwenye kulipenda. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha jaribio lao maarufu: waliwagawia watu vikombe vya kawaida, na waliokuwa navyo walitaka kuviuza kwa bei kama maradufu ya ile ambayo wengine walikuwa tayari kulipa. Vile vilikuwa vikombe walivyopewa muda huo huo. Wewe una gari la miaka kumi na tano. Tafuta watu wawili wasio wa familia, fundi mmoja na mmoja anayefanya biashara ya magari Kayanga au Bukoba, kila mmoja akutajie bei peke yake. Iliyo katikati ndiyo bei. Mazungumzo na mnunuzi yafanywe na yule wa nyumbani ambaye hadithi zake kwenye daftari zilikuwa fupi kuliko za wote.

Fikiria pia linakwenda wapi, maana utakutana nalo. Likinunuliwa kufanywa mchomoko, yaani gari dogo la kubeba abiria, litapakia watu kupita kiasi kwenye njia hizi hizi, mbele ya macho yako. Kama hilo litakuuma, sema mapema kwamba huuzi kwa kazi hiyo, au kubali na unyamaze. Likinunuliwa na fundi ili akate spea, viungo vyake vitaendesha magari mengine mengi, na mimi naona huo ni mwisho mzuri. Ukiuza kwa ndugu, andikianeni mkataba kama wageni, kisha usimuulize tena kwa nini halioshi.

Mwambie mnunuzi ubovu wote unaoujua. Gari lililoheshimika halitoki nyumbani kwa uongo.

Watoto waambiwe kabla. Kurudi shule na kukuta uwanja mtupu ni jambo ambalo mtoto hulikumbuka hadi utu uzima. Wapeni safari moja ya mwisho, fupi, wachague wenyewe pa kwenda, na kila mmoja achukue kitu kidogo: kofia ya gia, kioo cha ndani kilichopasuka, kitambaa cha siti. Kibao cha namba hakiguswi, hicho kinaondoka na gari.

Kabla ya kukabidhi, angalia deni la faini za barabarani kwa namba ya gari na ulilipe au mkubaliane nani alipe. Mkataba wa mauzo ushuhudiwe na mwanasheria, uwe na tarehe na saa ya makabidhiano, nakala za vitambulisho vya wote wawili na TIN zenu. Kisha nendeni pamoja TRA kuhamisha umiliki. Usimpe mnunuzi kadi ukamwamini kwamba atakwenda wiki ijayo. Kadi ikibaki na jina lako, faini zitasomeka kwako, na gari likigonga mtu polisi wataanzia kwako. Shika nakala ya kadi mpya yenye jina lake mkononi ndipo uhesabu kwamba umeuza.